Sheria ya Mikono

Kabla ya kuvaa glavu, Kalunde alikuwa na desturi ya kujisemesha kidogo, ahakikishe sauti bado ipo. "Haya, tuingie kazini," alisema ndani ya kibanda chake, na sauti ikatoka imekwaruza kama ya mtu aliyeamshwa sasa hivi. Hakuwa ameongea na mtu tangu jana yake. Akavaa miwani, akaingiza vidole kwenye glavu, na kambi yote ya Kingojeo ikapotea: mabweni ya mabati, foleni ya maji, vumbi jeupe lililoingia mpaka kwenye chumvi. Badala yake akawa jikoni kwa mzee aliyekuwa akimtumikia, juu kule Mwinuko, mji ambao hajawahi kuukanyaga.

Alichokuwa nacho kule ni mikono tu. Wenyeji waliiita jozi: mikono miwili ya chuma iliyovishwa mpira wa kijivu, imefungwa kwenye fremu ya magurudumu, na jicho moja katikati. Jozi haikuwa na mdomo.

"Umekuja, chuma?" Mzee Mwinshehe aliuliza kutoka kwenye kiti chake karibu na dirisha. "Uji wa jana ulikuwa mwepesi kama maji ya kunawia. Leo tia unga, hautoki mfukoni mwako."

Kalunde akatia unga. Mzee alikuwa ameketi ukungu ukimfunika kuanzia shingoni kwenda juu, kwa sababu miwani ilimwekea kila mkazi ukungu usoni. Kalunde alimjua kwa sauti, na kwa mikono. Mikono ya mzee ilikuwa mirefu, yenye mishipa, na kidole gumba cha kushoto kilikuwa kimepinda kwa nje, kama kilichovunjika zamani kikaungwa vibaya.

Ukungu ule ulikuwa sehemu ya sheria. Zamani kidogo, mahakama ya Mwinuko iliamua kwamba mgeni anayejulikana na wakazi, anayeitwa kwa jina akaitika, ameshakuwa mwenyeji na hawezi kufukuzwa. Uamuzi ule uliwatisha watu wengi. Ndipo ikatungwa Sheria ya Mikono. Anayengojea kibali cha ukaazi aruhusiwe kufanya kazi, maana kumnyima kazi ni kumnyima chakula, lakini aingize mikono tu. Sauti, uso na jina vibaki chini mpaka jibu litoke. Atakayejijulisha kwa mkazi, kwa njia yoyote, atahesabiwa kuwa amepita mlango wa uani, na ombi lake litafungwa.

Kalunde hakuichukulia kuwa sheria ya watu wabaya. Alijaribu mara nyingi kuitazama kwa upande wao. Mji wao ulikuwa mdogo, maji yake yalipimwa, na tambarare yote ilikuwa inakauka na watu wake kupanda mlima. Kwao Sikonge visima vilikuwa vimekufa kimoja kimoja, mpaka kijiji kikaisha, na waliobaki wakahamia kwenye mabanda kando ya barabara kuu, wakigawiwa unga. Kama asingepata kibali, huko ndiko angerudi. Hakuna aliyekuwa anamsubiri.

Siku hiyo Sikudhani, binti wa mzee, alikuwa amepita na karanga mbichi. Kalunde alizichemsha kwa chumvi, akazipeleka kwenye bakuli. Mzee akamenya chache, akatafuna, kisha akachota za kujaa kiganja na kuzinyoosha kuelekea kwenye jozi.

"Na wewe chukua. Najua huli. Lakini mimi siwezi kula peke yangu kama mchawi."

Kwao Kalunde, mtoto hapokei kitu kwa mkubwa mpaka agonganishe viganja kwanza, taratibu, mara mbili, ndipo akinge mikono yote. Alifundishwa hivyo kabla hajajua kutembea sawasawa. Hakufikiri. Viganja vya mpira vikagongana kule juu, pu, pu, kisha vikakinga.

Mkono wa mzee ukasimama hewani na karanga zake.

"Rudia," alisema.

Kalunde hakurudia. Aliishikilia mikono palepale, viganja vimekingwa.

"Hakuna mashine inayopiga makofi kabla ya kupokea. Baba yangu aliuza nguo Tabora miaka mingi, nimekulia kwenye lile duka. Nawajua wanaopokea hivyo." Mzee akamimina karanga kwenye viganja vya jozi, polepole. "Mnyamwezi wewe. Kumbe siku zote hizi nafuliwa shuka na mpagazi wangu."

Akaanza kucheka, kicheko cha chini kilichomtikisa mabega.

"Usiogope, sikuulizi jina. Sheria naijua. Siku ya kuipitisha, na mimi nilinyoosha mkono." Akamenya karanga moja. "Lakini hakuna kifungu kinachomkataza Mzaramo kumtania Mnyamwezi. Walisahau kukiandika."

*

Utani wa upande mmoja ni matusi. Kalunde alilijua hilo, na mzee alilijua, na ndiyo maana siku zilizofuata alimchokoza kila asubuhi kisha akangoja.

"Babu zako walibeba meno ya tembo kutoka Tabora mpaka pwani, wakifika ulimi nje, wanaomba maji kwetu. Tungewanyima, leo usingekuwepo wa kuniunguzia maandazi."

Kalunde alivumilia kwa muda. Kisha asubuhi moja, mzee alipomaliza tu chai, jozi ikachukua mkeka, ikautandika katikati ya sebule, ikaweka mto, na kuupigapiga mto ule kwa kiganja.

Mzee aliutazama mkeka.

"Asubuhi yote hii?" alisema. "Ah. Ananiambia Mzaramo kazi yake kulala." Akacheka mpaka akakohoa. "Huna adabu. Basi nalala, kukukomoa." Na akajilaza kweli.

Tangu hapo nyumba ikabadilika. Mzee akisema Wanyamwezi vichwa vyao vimekuwa bapa kwa mizigo, Kalunde alipindua sufuria mbele yake na kuipiga kama ngoma, kumkumbusha ni nani wasiolala kwa ngoma, na mzee aliitikia kwa kutikisa bega moja kwenye kiti. Akisema Wanyamwezi hawajui samaki, siku ile alipelekewa samaki akiwa amelazwa kwenye sahani mkia ukiwa umefunikwa kwa kitambaa, kama mgonjwa. Kalunde alicheka peke yake ndani ya kibanda hadi jirani wa kibanda cha pili akagonga ukuta.

Akivua glavu, kicheko hakikuwa na mtu wa kugawana naye. Bwenini watu walibadilika kila wiki. Wengine waliitwa juu, wengine walirudishwa, na waliobaki walijifunza kutozoeana. Alikula ugali wake kitandani. Wakati mwingine aliyarudia maneno ya mzee kwa sauti ndogo, na kujibu kwa maneno yale ambayo jozi haikuweza kuyasema. Wakati mwingine alikumbuka ule mkono ulionyooshwa siku ya kupitisha sheria. Ulikuwa mkono uleule wenye kidole kilichopinda. Hakujua la kufanya na jambo hilo, akaliacha likae alipoliweka.

*

Msimamizi wa vibanda aliitwa Lwitiko, mtu mnene, mpole, ambaye naye zamani aliwahi kungojea kibali. Alimwita Kalunde ofisini na kumvutia kiti.

"Jozi yako inapiga ngoma, dada."

"Ilikuwa inakausha sufuria."

"Nimeangalia inavyokausha. Inakausha kwa mdundo." Hakutabasamu. "Huyo mzee anakujua?"

"Hanijui jina. Hajawahi kuuliza."

"Sikuuliza jina."

Kalunde alitazama sakafu.

"Sikiliza," Lwitiko alisema. "Mimi sijakwambia, na wewe hujasikia. Kamati imekubali ombi lako. Imebaki sahihi tu. Mpaka itiwe, mikono ipike, ifue, ifagie, basi. Wanapitia mienendo ya wote kabla ya kutia sahihi. Wakiona mchezo watauliza mchezo na nani."

"Na mzee?"

"Mzee ana mashine, dada. Hana mtu. Ndivyo tulivyowaandikia, na ndivyo inavyotakiwa ibaki."

Kesho yake mzee alimwambia kwamba mahindi ya Wanyamwezi ni mafupi kwa sababu yanamwogopa mkulima. Kalunde alimwekea chai, akafuta meza, akaenda kufua. Siku ya pili mzee alitupa tusi jingine, zuri kuliko la kwanza, akageuza ukungu wake kuifuata jozi jikoni, akangoja. Jozi ikamenya vitunguu. Siku ya tatu alilisema tena lilelile, kama mtu anayegonga mlango anaodhani haujasikika.

Kalunde aliuma mdomo. Sahihi tu, alijiambia. Nikishapanda nitakuja kwa miguu yangu, nibishe hodi, nimtukane mpaka jioni.

Mwisho wa wiki mzee alikunywa uji bila neno. Alipomaliza akasukuma bakuli taratibu.

"Basi wamekubadilisha," alisema. "Si kosa lako, mgeni, karibu. Kama mnaonana huko chini, msalimie aliyekuwepo. Mwambie aliondoka akiwa na deni la jibu."

Jozi ikachukua bakuli, ikaliosha.

*

Asubuhi moja kiti cha dirishani kilikuwa kitupu. Mlango wa chumba ulikuwa umeegeshwa. Jozi ikausukuma kwa gurudumu. Kitandani alilala mtu, na Kalunde alimwona uso.

Akadhani amefunguliwa nyumba isiyo yake. Ilikuwa sura ya mzee mwembamba, nyusi nyeupe zilizosimama, mashavu yameingia, kovu dogo chini ya jicho. Siku zote alikuwa amemfikiria mtu wa uso mpana. Ndipo alipoishusha mboni ya jozi akaona mikono juu ya shuka, na kile kidole gumba.

Miwani ilifunika nyuso za wakazi. Aliyekufa hakuwa mkazi tena.

Alibonyeza kengele ya kumwita Sikudhani, kama kazi ilivyotaka. Macho ya mzee yalikuwa wazi kidogo. Kufumba macho ya maiti hakukuwamo kwenye kazi alizoruhusiwa. Kalunde aliinua mkono wa jozi, ukafika nusu ya njia, akaushusha. Akabaki anamtazama mpaka hatua za Sikudhani zikasikika mlangoni. Ulikuwa ndio muda pekee waliowahi kuwa nao, ana kwa ana, na ni mmoja tu aliyekuwa anaona.

*

Kazi ya nyumba ile ilikuwa imalizike na maziko, kwa hiyo jozi ilipewa sinia la vikombe izungushe kahawa. Sebule ilijaa ukungu wa watu. Mzee alikuwa ameshaoshwa na kukafiniwa, jeneza limewekwa katikati, na wanaume wamesimama pembeni tayari kulibeba.

"Tusimcheleweshe maiti," mmoja wao alisema.

"Subirini kidogo," Sikudhani alisema. Kalunde aliitambua sauti yake, ilikuwa imekauka kwa kulia. "Baba aliniambia kitu mwezi uliopita. Alisema katika mji huu ana mtani mmoja, Mnyamwezi, na asitolewe nyumbani mpaka mtani wake aje. Nilimuuliza ni nani, akacheka tu. Sasa nauliza mbele yenu. Mtani wa baba kama yupo, ajitokeze."

Watu walitazamana, au Kalunde alihisi hivyo, kwa jinsi ukungu ulivyogeuka huku na huku.

"Mama, watani waliishia pwani," sauti ya mzee mwingine ilisema kwa upole. "Huku sote tumekuja mmoja mmoja. Atakuwa alikuwa anaweweseka. Tumbebe tu."

"Alikuwa na akili zake."

"Hata hivyo. Hayupo."

Wanaume wakainama kushika miti ya jeneza. Ndani ya kibanda, Kalunde alisahau sinia, likainama na vikombe vikaanza kugongana kule juu. Alijua ni nini kilichokuwa kimebaki, sahihi moja tu. Alijua pia kwamba mtu hawezi kusema atakuja kulipa kesho jambo ambalo leo ndiyo siku yake.

Akaweka sinia chini.

Jozi ilipita katikati ya watu, ikafika kwenye jeneza, ikashika mti wa mbele. "Mashine imekwama, hebu isogezeni," mtu alisema. Jozi ikainua kidogo. Kisha ikashusha. Ikajishika ubavu wa fremu, pale ambapo mtu angekuwa na kiuno, ikajikandakanda. Ikashika tena, ikainua, mikono ikalegea kama ya mtu aliyezidiwa, ikashusha. Ikanyoosha kidole kwa maiti, ikapima kwa mikono tumbo kubwa, kubwa, kubwa. Halafu ikatikisa kiganja: sibebi. Ikajisogeza mlangoni, ikafunga magurudumu, ikatandaza mikono yote miwili toka mwimo hadi mwimo.

Wanaume wakaiachia miti ya jeneza. Kisha Sikudhani akatoa sauti ambayo Kalunde alidhani ni kilio.

"Mpagazi amegoma," Sikudhani alisema, na kilikuwa kicheko, kimechanganyika na machozi. "Mnamwona? Mnyamwezi huyu. Kabeba meno ya tembo mpaka pwani, lakini Mzaramo mmoja kamshinda."

"Alikula sana pilau za watu," mwanamke mmoja alisema nyuma.

"Na madeni yamo humo humo, ndiyo uzito," akasema mwingine. Kicheko kikapita chumbani, kigeni kidogo, kama watu wanaojaribu nguo waliyoivua zamani. Hata yule mzee mpole akatingisha mabega.

Sikudhani alikuja mpaka mlangoni, akasimama mbele ya jicho la jozi. Uso wake haukuonekana, lakini Kalunde aliuona mkono wake ukichana ukingo wa kanga, ukifunga utepe ule kwenye kifundo cha mpira wa kijivu.

"Mtani wetu, tunakuomba," alisema. "Tuachie njia. Umemfikia baba."

Glavu za Kingojeo hazikufikisha joto wala ulaini wa kitambaa. Zilifikisha kubanwa tu. Kalunde akasikia amebanwa kifundo cha mkono.

Akafungua magurudumu. Akarudi kwenye mti wa mbele, na safari hii akabeba pamoja nao, mpaka kizingitini, ambako umeme wa nyumba uliishia na jozi haikuweza kuvuka. Mwanaume mmoja akaja kuupokea mti mkononi mwake. Jeneza likatoka juani likiwa begani kwa watu, na jozi ikabaki ndani, mikono imenyooka mbele.

*

Alipovua miwani, Lwitiko alikuwa mlangoni mwa kibanda. Aliingia, akaurudisha mlango, akaketi juu ya ndoo iliyopinduliwa.

"Kamati wameona?" Kalunde aliuliza.

"Bado. Taarifa inaanzia kwangu." Alijifuta uso kwa kiganja. "Jozi ile ni ya zamani. Naweza kuandika hitilafu. Magurudumu yalijifunga, mikono ikarukaruka, wenye msiba wakadhani ni mzaha. Watakubali, hawapendi kesi. Sahihi itatiwa, na wiki ijayo unapanda. Nataka tu na wewe uniambie ni hitilafu, tuwe na neno moja."

"Na nikisema siyo?"

"Ombi linafungwa. Basi la tambarare linaondoka Ijumaa."

Kalunde aliweka miwani mapajani. Alifikiria mvua ya Mwinuko, ambayo alikuwa ameisikia mara nyingi juu ya paa la mzee bila kulowa. Alifikiria mabanda ya barabarani. Halafu akajaribu lile neno moyoni mwake. Ingekuwa hitilafu, basi mzee alitumia miezi yake ya mwisho akitaniana na kifaa kibovu, na binti yake alichana kanga mbele za watu kuliomba gurudumu lililokwama. Lwitiko alimpa muda. Hakumharakisha.

"Si hitilafu," Kalunde alisema.

"Fikiri, dada."

"Nimefikiri, kaka."

Lwitiko alifungua kibao chake cha taarifa. "Wanauliza uhusiano na mkazi," alisema. "Ndugu, mwajiri, au hakuna. Niandike nini?"

"Mtani."

"Hilo halimo."

"Liandike."

Akaliandika. Kibao kikalia kidogo, taarifa ikaenda. Lwitiko akakiweka sakafuni, akasimama, akamnyooshea mkono, na Kalunde akavua glavu ili aupokee.

"Pole kwa msiba," Lwitiko alisema.

Kalunde alitaka kumjibu kama watu wanavyojibu, lakini akateremka chini, mgongo ukiegemea ukuta wa kibanda. Lwitiko alimwangalia, akasogeza ndoo kando kwa mguu, akaketi naye sakafuni.